Maalim wa Kompyuta: Faili la mistari laki sita linaniangushia sava

SWALI: Maalim, assalaam alaikum. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Amu, nimetengeneza programu ya mtandaoni ya chama cha wanunuzi wa samaki. Makarani wa madikoni, kuanzia hapa Amu, Matondoni, Faza, Kizingitini mpaka Kiunga, wanaandika kila kinachoteremshwa: namba ya mashua, aina ya samaki, kilo, bei, tarehe, simu ya nahodha, afu mwisho wa mwezi wanapakia faili la CSV (maandishi matupu, kolamu zinatenganishwa kwa koma). Yale ya mwezi mmoja mmoja yalikuwa yanaingia bila taabu. Sasa chama kinataka kumbukumbu zote za nyuma ziingie, faili moja lina mistari 640,000, MB 90 hivi, na hapo ndo mambo yameharibika. Ukurasa unazunguka weee, mwisho inatoka kosa la 504, yaani sava imekawia kujibu. Nimepandisha memory_limit, kiwango cha memori ya PHP, mpaka giga 2, wapi. Siku nyingine intaneti inakatika katikati inabidi nianze mwanzo. Na likibahatika kufika, karani anaandikiwa "data si sahihi" basi, mstari gani hajui. Natumia PHP na PostgreSQL, sava ni ya kukodi ina giga 4. Ninunue kubwa zaidi?
Kijana wa Langoni, Amu

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Pesa ya sava weka. Hiyo uliyonayo inatosha na inabaki, shida iko kwa namna programu yako inavolila hilo faili. Mama zetu wakichagua mchele hawamwagi gunia zima juu ya uteo, wanapeta uteo mmoja, wanatoa mawe na chuya, wanamimina kando, wanachota mwingine. Wewe umemwaga gunia.

Hebu tupige hesabu kwanza ndo utaona. Kwa ulivoeleza, nadhani unalisoma faili lote liingie kwa array, yaani orodha ndani ya memori, halafu unapita juu yake mstari kwa mstari na foreach. Kwenye diski mstari wako mmoja ni baiti 140 hivi. Ukishaingia PHP kama array yenye majina ya kolamu kila kisanduku kinabeba mizigo yake ya pembeni, mstari ule ule unakaribia kilobaiti nzima, zidisha mara 640,000 ni zaidi ya nusu giga, na ukiinakili array hiyo mara moja tu kwa ajili ya kusafisha nafasi ushafika giga na zaidi. Hiyo ni memori. La pili ndo linalokumaliza hasa. Kwa kila mstari unaiuliza databesi, mashua hii ipo? samaki huyu yumo? Maswali mawili mara 640,000 ni 1,280,000. Hata databesi ikijibu kila swali kwa milisekunde 2, ambayo ni mbio, ni sekunde 2,560, yaani dakika 42 na zaidi, na nginx, ile programu inayopokea maombi ya brauza mbele ya PHP, kwa mpangilio wake wa kawaida ikikaa sekunde 60 haijasikia kitu kutoka nyuma inakata na kutoa hiyo 504. Kwa hivo hata ungeleta sava ya giga 64, 504 ingekuja tu.

Sasa dawa. Kwanza tenganisha kupokea na kuchunguza. Karani akipakia, kazi ya ukurasa ni kulihifadhi faili, kuandika kwenye jedwali la kazi kwamba faili namba fulani limepokelewa, na kumjibu pale pale "tumelipata, namba yako ni hii". Kwa HTTP jibu la hivo lina namba yake, 202. Uchunguzi unafanywa na programu nyingine inayokaa nyuma, inachukua kazi kwa foleni moja baada ya moja, haina haraka na hakuna brauza inayoisubiri. Ikimaliza kila mistari 5,000 inaandika imefika wapi, na ukurasa wa karani unauliza kila sekunde 3 na kumwonyesha. Mtu akiona 215,000 kati ya 640,000 anatulia, anakunywa chai yake. Akiona duara linazunguka tu anabonyeza tena, na tena, mwisho unapata faili lile lile mara tatu kwa foleni. Kwa hilo piga SHA-256 ya faili likishafika (hesabu inayotoa alama fupi kutokana na yaliyomo ndani yake), ukikuta alama ile ile ishawahi kuingia mwambie "faili hili umeshalileta, liko kazini".

Halafu hakikisha milango yote ina upana mmoja. PHP ikija mpya upload_max_filesize ni MB 2 na post_max_size ni MB 8, na nginx nayo client_max_body_size yake ni MB 1, hapo ukizidisha inatoa kosa la 413. Wewe umeshazipandisha nafikiri, ila kuna moja inawapoteza watu siku nzima: faili likizidi post_max_size PHP haikupi kosa la maana, inakuachia tu $_POST na $_FILES tupu, unabaki unajiuliza fomu imeenda wapi. Angalia hilo mapema kwa programu yako na umwambie karani ukweli, kwamba faili ni kubwa kuliko kiwango.

Intaneti ya kukatika katikati, wewe uko kisiwani unajua kuliko mimi. Usipeleke MB 90 kwa pumzi moja. Brauza inaweza kulikata faili vipande vya MB 5, utapata 18, kila kimoja kinapelekwa peke yake na sava inaandika kimefika. Kikikatika cha 11 unarudia cha 11 tu. Kuna utaratibu wa wazi wa kazi hii unaitwa tus, una maktaba tayari za JavaScript na za upande wa sava, usianze kuunda wako.

Faili likishatua, chunguza kwa kuanzia vitu rahisi. Hapa ndo naona watu wengi wanakosea mpangilio, wanakimbilia kuangalia kilo na bei kabla hawajajua kama kilicholetwa ni CSV kweli. Soma baiti chache za mwanzo. Zikiwa PK hiyo ni zip, yaani karani amekuletea xlsx akabadilisha jina tu. Zikiwa EF BB BF ni alama ya UTF-8 ambayo Excel hupenda kuiweka, ing'oe, usipoing'oa kolamu yako ya kwanza itakuwa na herufi isiyoonekana mbele ya jina na utaambiwa "kolamu ya tarehe haipo" na wewe unaiona kwa macho yako. Aina ya faili inayotajwa na brauza usiitegemee, hiyo inakisiwa kwa jina tu. Kisha mstari wa vichwa: kolamu zote zipo? kinachotenganisha ni koma au nukta-mkato? Yote haya hayafiki sekunde moja, na yakifeli simama hapo hapo, mistari laki sita huna haja ya kuigusa.

Vikipita ndo unasoma mstari kwa mstari. PHP ina fgetcsv, ifunge ndani ya jenereta yenye yield, inayotoa mstari mmoja mmoja bila kubeba faili zima, memori itabaki MB chache tu hata faili likiwa giga 5. Usijifanyie mwenyewe kwa kukata kila penye mstari mpya, manake CSV inaruhusu kisanduku kilicho ndani ya alama za kunukuu kiwe na mistari miwili mitatu, hilo limo kwenye RFC 4180, waraka unaoeleza CSV, wa mwaka 2005, na karani mmoja akiandika maelezo marefu na kubonyeza Enter ndani ya kisanduku hesabu yako yote ya mistari imepotea. Kwa kila mstari angalia yale yanayojulikana kwa mstari wenyewe: idadi ya kolamu, tarehe ipo kwenye kalenda, kilo ni namba na zimezidi sifuri. Na kabla ya kulinganisha chochote safisha, ondoa nafasi za mwanzo na mwisho, fanya herufi zote ndogo. "Changu", "CHANGU " na "changu" ni samaki mmoja. Weka na jedwali dogo la majina yanayofanana, kuna anayeandika tafi na kuna anayeandika tasi, samaki yule yule, usimrudishie mtu kazi yake kwa sababu ya lahaja.

Yale maswali milioni ya databesi sasa. Aina za samaki ziko ngapi, mia mbili? Mashua je, elfu kadhaa? Zipakie zote mara moja mwanzoni kwa array ambayo namba ya mashua ndo ufunguo, kisha uliza kwa isset. Maswali mawili kwa databesi badala ya 1,280,000. Na usitumie in_array kwa orodha kubwa, ile inapita kitu kimoja kimoja toka mwanzo mpaka ikutane nacho.

Yanayohitaji kulinganisha mistari na mistari, mfano mashua moja imeandikwa mara mbili tarehe ile ile, samaki wale wale, kilo zile zile, hayo mwachie PostgreSQL, ndo kazi yake. Tengeneza jedwali la kupokelea, kolamu zote ziwe TEXT, liwe UNLOGGED kwa mbio zaidi (sava ikianguka data yake inapotea lakini faili la asili bado unalo), weka na namba ya mstari. Mistari iliyopita uchunguzi wa kwanza imwage humo kwa amri ya COPY, kama utatumia INSERT basi iwe mistari 1,000 kwa mkupuo, sio mmoja mmoja. Kisha swali moja lenye GROUP BY na HAVING COUNT(*) > 1 linakuletea marudio yote, na swali moja lenye LEFT JOIN dhidi ya jedwali la kudumu linakuonyesha yaliyokuwemo tangu zamani. Kwa ukubwa wako hizo ni sekunde, dakika ni nadra. Mwisho unahamisha kutoka jedwali la kupokelea kwenda la kudumu ndani ya muamala mmoja (transaction, yote yaingie au lisiingie hata moja) ili umeme ukipotea katikati usibaki na nusu.

Sasa nije kwa lililoniuma kwenye barua yako, hilo la "data si sahihi". Niliwahi kukaa ofisi moja nikamwangalia karani akipakia faili, mfumo ukamwambia kosa liko mstari wa 118, akarekebisha, akapakia tena, ukamwambia mstari wa 240, akarekebisha, hivo hivo mpaka adhuhuri. Mfumo ulikuwa unasimama kwa kosa la kwanza tu. Mama wa watu alikuwa na mistari 14 mibovu na amepakia mara 14, na kila mara akidhani ni yeye hajui kazi. Sitaki programu yako imfanyie mtu wa Faza hivo.

Kusanya makosa yote kwa mpigo mmoja. Kila kosa liandike kwa mambo manne: namba ya mstari kama anavyoiona yeye kwenye Excel (vichwa ni mstari wa 1, data inaanzia 2, watu wanasahau hapa na karani anatazama mstari wa juu yake hana habari), jina la kolamu, alichoandika, na kinachotakiwa. "Mstari 4,312, kilo: umeandika 12,5. Tumia nukta: 12.5." Hapo mtu anarekebisha bila kumpigia simu mtu yeyote. Kosa moja likijirudia mistari laki mbili usimwagie laki mbili, mwambie "tarehe: mistari 200,000 imeandikwa kwa mtindo huu, mfano huu hapa", hiyo anaimaliza kwa dakika moja. Ukurasani onyesha 100 za kwanza na umpe faili la kushusha lenye ile mistari mibovu peke yake, kolamu ya ziada mwishoni imeandikwa kosa, arekebishe humo na alirudishe hilo dogo, sio MB 90 tena. Ila kisanduku kinachoanza na =, +, - au @ kitangulizie alama ya nukuu moja kabla hujamrudishia, manake Excel inaweza kukisoma kama fomula na ikaifanya kweli, na mtu mbaya anaweza kuitumia hiyo.

Utaniuliza, mistari 12 ikiwa mibovu faili zima likataliwe? Kwa samaki mimi nasema hapana, ingiza mizuri, rudisha 12. Kwa mishahara au malipo ya wavuvi hapo ndio, zote au hakuna, manake nusu ya malipo ni ugomvi.

SWALI: Maalim hujambo. Mimi si mtu wa programu, ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama hapa Malindi, Barani. Tunapakia orodha ya wanachama na simu zao kwa mfumo wa wakopeshaji wetu. Nimeandika simu vizuri na sifuri yake mbele lakini mfumo unasema simu zina makosa, nikifungua naona sifuri zote zimeliwa, na zile za 254 zimekuwa 2.54712E+11. Mimi sijafanya hivo wallahi. Na mtoto wangu asema Excel inabeba mistari yoyote hata milioni kumi, ni kweli?
Mama wa Barani, Malindi

JIBU: Sijambo dadangu, na ninakuamini, hujafanya wewe. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni namba ya kuhesabia, na namba ya kuhesabia haina sifuri mbele. Ile ya 254 ina tarakimu 12, Excel kwa kawaida ikishafika hapo inaifupisha iwe 2.54712E+11, na ukihifadhi kwa CSV inahifadhi kile kilichoonekana, kwa hivo zile tarakimu za mwisho zimekwenda, hakuna wa kuzirudisha. Dawa ni kuichagua kolamu nzima ya simu na kuifanya Text kabla hujaandika hata moja. Na CSV ukishaihifadhi usiifungue tena kwa kuibonyeza mara mbili ukaihifadhi upya, itakula sifuri upya.

Waliotengeneza huo mfumo nao wangeweza kukusaidia zaidi, na hapa nasema na kijana wa Langoni pia. Simu yenye tarakimu 9 inayoanza na 7 au 1 imepoteza sifuri tu, programu inaweza kuitangulizia 254 yenyewe na kusema imefanya hivo. Yenye E+ ikataliwe wazi kwa maneno haya: "simu hii imeharibiwa na Excel, iandike upya". Asijaribu mtu kuipigia hesabu iwe namba kamili, utaishia kumtumia mkopo mtu asiyehusika. Tarehe ndo hatari zaidi manake hazipigi kelele, 03/04/2021 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani, zote zinapita. Mimi naomba 2021-04-03, mwaka mbele. Na kama huwezi kuwalazimisha watu, angalia faili zima kwanza: ikiwa namba ya kwanza haizidi 12 popote na ya pili inazidi, hilo ni la Kimarekani.

Mtoto wako mwambie Excel ya xlsx inaishia mistari 1,048,576, na ile ya zamani ya xls 65,536. Uingereza mwaka 2020 waliona matokeo yake: Public Health England walikuwa wanaingiza majibu ya vipimo vya Korona kwa faili la xls, mistari ikajaa, na wagonjwa 15,841 wa tarehe 25 Septemba mpaka 2 Oktoba hawakuingia kwa hesabu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Mtu angelinganisha tu idadi ya mistari iliyotoka maabara na iliyoingia mwishoni angeona siku ile ile. Kwa hivo ukipakia, muulize mfumo wako: nimeleta wangapi, wameingia wangapi, wamerudi wangapi. Ya pili na ya tatu zikijumlishwa lazima zitoe ya kwanza.

SWALI: Maalim, mimi nafanya uchunguzi wote kwa brauza, faili likifika sava ni safi tayari. Kuna ubaya?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Kwa brauza ni vizuri, endelea. Papa Parse, maktaba ya JavaScript, inasoma CSV kipande kwa kipande ndani ya Web Worker, yaani kando ya ukurasa, ukurasa haugandi na mtu anaona makosa kabla hajatumia bando lake kupakia. Lakini sava ichunguze tena kila kitu, manake yeyote anayejua anwani ya kupakia anaweza kuituma data moja kwa moja bila kupita ukurasa wako. Usitumie jina la faili alilolipa yeye, lipe lako, na ulihifadhi kwenye folda ambayo haifunguki kwa mtandao. Ukipokea zip weka kiwango cha ukubwa wake ikishafunguliwa, kuna moja maarufu inaitwa 42.zip ina KB 42 na ukiifungua mpaka ndani inafika petabaiti 4.5. Na kwa kuwa faili hizi zina majina na simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu, panga siku ya kuzifuta. Mimi nafuta faili la asili baada ya siku 30, pamoja na ripoti ya makosa na vile vipande vya MB 5 vilivyobaki njiani, hivo viwili ndo husahaulika na simu za watu zimo ndani yake vile vile.